Shali Yenye Mafundo

Tik, tik, tik. Ilikuwa sauti ndogo, kama ya panya anayetafuna punje ya hindi. Majogoo walikuwa hawajawika. Marita alikaa karibu na mafiga, shuka mabegani, akifuma kwa spoki mbili za baiskeli.

"Utaharibu macho, mwanangu," Shangazi Marta alisema kutoka kitandani.

"Bado mistari minne tu, shangazi."

Shangazi hakumkemea. Aliamka, akasukuma ukuni mmoja ndani ili moto uangaze vizuri, akarudi kulala.

Sufu aliyoifuma Marita ilikuwa sweta ya mama yake. Miaka miwili iliyopita mama alimfuata baba Kitwe, kwenye migodi ya shaba ya Kopabeliti, nchini Zambia, akamwachia Marita sweta hiyo ya kijivu kwa ajili ya baridi. Viwiko vilikuwa vimetoboka. Marita alilala nayo mpaka harufu ya mama ilipokwisha. Kisha, Desemba ilipofika, aliifumua uzi kwa uzi. Kila uzi ulipokatika aliufunga fundo, akaendelea. Sasa ilikuwa karibu kuwa shali.

Kila mwaka kabla ya Krismasi, Mwalimu Abrahamu wa shule ya misheni alimpa kila mtoto jina la mzee asiye na mtu wa kula naye sikukuu. Mtoto alimpelekea zawadi. Marita alipewa Bibi Elina, mjane aliyeishi peke yake ng'ambo ya kijito. Miaka mingine Marita alitoa kitu katika kifurushi ambacho baba alituma kutoka Kitwe. Mwaka huo kifurushi hakikuja.

Kwa watu wa kijiji kile, kifurushi hakikuwa nguo tu. Kilibebwa na mtu. Msafiri alishuka kwenye lori Tunduma, akatembea nusu siku hadi kijijini, na kichwani alikuwa na habari za kila mtoto wa kijiji aliyeko migodini: nani anaumwa, nani amehama, nani amepata mtoto. Nyumba aliyofikia ilijaa watu mpaka uani. Kwa Shangazi Marta hakuna msafiri aliyebisha hodi tangu mavuno.

Mchana wa kuamkia Krismasi, Marita aliikunja shali, akaifunga kwa jani la mgomba, akashika njia. Mvua ilikuwa imenyesha na matope yalimshika vifundo vya miguu. Kwenye kijito alimkuta Jenista, msichana wa darasa lake, akiwa na kitambaa kipya cha kichwani kwa ajili ya mzee wake.

"Hebu tuone," Jenista alisema, akachungulia kwenye jani. "He! Si ile sweta ya mama yako? Unampelekea bibi wa watu tambara?"

"Si tambara. Nimeifuma upya."

"Kilichovaliwa kimevaliwa, dada. Hata ukikiita kipya!" Jenista alicheka, akavuka kijito akirukaruka juu ya mawe.

Marita alibaki amesimama. Maji yalipita na yeye hakuyaona.

Nyumba ya Bibi Elina ilikuwa ndogo, na moshi mwembamba ulitoka juu ya nyasi za paa. Kabla ya kubisha, Marita alimsikia bibi akizungumza. "Kula basi. Usiniringie, tuko wawili tu humu." Alikuwa akisema na kuku wake mweusi.

"Hodi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba! Karibu, mjukuu wangu, karibu!" Bibi Elina alipangusa kigoda kwa kiganja, ingawa kilikuwa safi. "Miguu yako imelowa. Sogea motoni."

Marita alimpa lile jani. Bibi alipoifungua shali, aliishika kwa mikono miwili. Vidole vyake vilipita juu ya sufu polepole, vikasimama, vikapita tena. Marita aliona vimesimama juu ya fundo. Maneno ya Jenista yakamrudia.

"Ni mpya, bibi," alisema haraka. "Baba ameituma. Kutoka Kitwe."

Bibi Elina aliinua uso. "Kutoka Kitwe? Imekuja lini?"

"Juzi."

"Na mtu." Sauti ya bibi ilishuka. "Imekuja na mtu. Basi huyo mtu atakuwa amemwona mwanangu Yonathani huko migodini. Miaka minne, mjukuu wangu, sijasikia hata kama anakohoa. Msafiri amefikia wapi?"

"Sijui, bibi. Mimi… natakiwa nyumbani."

Akatoka hata kigoda hakijapata joto.

Asubuhi ya Krismasi kengele ililia na watu wakaimba mpaka jasho likawatoka. Marita alifungua mdomo tu. Baada ya ibada, Shangazi Marta alipakua wali, chakula cha siku moja katika mwaka, na maharage yenye karanga.

"Bibi Elina amenishangaza," Shangazi alisema. "Alfajiri wachuuzi wa chumvi kutoka Ivuna walipita. Amewapa kuku wake, wakampa mzigo wa chumvi. Anasema Yonathani hapendi mboga isiyo na chumvi ya Ivuna, na yuko msafiri atakayempelekea. Ameingia nyumba saba akimwuliza huyo msafiri. Kwa miguu ile! Msafiri gani? Mimi sijamsikia."

Marita aliweka sahani chini, akaanza kulia, na katikati ya machozi akasema yote.

Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho. "Nikuambie nini? Wewe mwenyewe kila jioni unaangalia njia ya Tunduma. Unajua kungoja kulivyo."

"Twende wote, shangazi. Umwambie wewe."

"Uongo uliusema peke yako, utaufuta peke yako." Kisha akaufunika ule wali kwa sahani nyingine na kuufunga kwa kitambaa. "Lakini usiende na njaa. Na yeye hajala."

Marita alimkuta Bibi Elina ameketi mlangoni, shali mabegani. Miguu yake ilikuwa na matope mpaka magotini, na pembeni yake ulikuwepo mzigo wa chumvi uliofungwa kwa majani. Ndani ya nyumba palikuwa kimya. Hapakuwa na kuku.

"Umekuja kunipeleka kwake?" aliuliza, akaanza kuinuka.

"Bibi, keti. Hakuna msafiri." Marita alipiga magoti kwenye matope. "Baba hakutuma kitu. Hiyo ni sweta ya mama. Niliifumua, nikaifuma. Niliona aibu kwa sababu ni kuukuu. Nisamehe, bibi."

Bibi Elina alikaa. Alipapasa mafundo ya shali moja moja, mpaka Marita akatamani apigwe.

"Mafundo niliyasikia jana," bibi alisema mwishowe. "Nguo ya dukani haina mafundo kama haya. Nilijua ni kazi ya mikono ya mtoto. Lakini ulipotaja Kitwe, moyo wangu ukakataa kujua."

"Na kuku wako, bibi…"

"Kuku amekwenda. Nimeuona upweke wa kumkosa tangu asubuhi." Alimshika Marita kiganja, akakigeuza na kutazama malengelenge ya spoki. "Sikiliza. Uliniletea kitu kikubwa: ulifumua nguo ya mama yako kwa ajili yangu. Ungeniambia hivyo, ningelala na furaha. Ukaona haitoshi, ukaniongezea msafiri. Sasa msafiri hayupo, na ile furaha ya kweli umeichelewesha siku nzima. Zawadi haiaibishi kwa kuwa kuukuu. Usitie uongo ndani ya kitu ulichokifanya vizuri. Umenielewa?"

"Nimeelewa, bibi."

"Basi inuka, magoti yako yataoza."

Walikula wali katika sahani moja. Wakati wanakula Marita akakumbuka jambo. Jirani yao, Ipyana, alikuwa anaondoka kwenda migodini baada ya mwaka mpya.

"Bibi, Ipyana ni msafiri wa kweli. Atabeba chumvi. Na mimi najua kuandika. Watu wa kwetu kule wanajuana, atamwuliza mpaka ampate."

Alikimbia nyumbani, akarudi na karatasi aliyoichana katikati ya daftari, na penseli. Bibi alifikiri, akasema, Marita akaandika: "Mwanangu Yonathani, mvua zimewahi. Miguu inauma kidogo. Nimekutumia chumvi. Ukiwa mzima, mpe mtu yeyote anayekuja neno moja tu." Bibi akaigusa shali. "Ongeza: nina shali. Imefumwa na Marita."

Marita aliandika, kisha akauliza kwa sauti ndogo kama anaweza kumwomba Yonathani aulize habari za baba na mama. Bibi akaisogeza penseli kwake. "Nafasi ipo, mjukuu wangu. Andika."

Jua lilikuwa linaelekea milimani Marita alipobeba barua na chumvi. Bibi Elina alimsindikiza mpaka kwenye kijito, hatua moja moja, akisimama kupumua.

"Labda jibu litachelewa," alisema. "Labda halitakuja. Wewe usingoje jibu. Uje kesho kutwa, mikono mitupu hivyo hivyo, na hizo spoki zako. Nyumbani kwangu pako kimya sana sasa. Utakuja?"