Hodi ya Mtu wa Kumi na Mbili

Naapa! Ulimi huu huu ninaoonjea chakula ukatike katikati ya tonge kama kuna neno nimeliongeza hapa. Mimi chumvi natia kwenye mboga, kwenye maneno sitii. Ulizia mtaa mzima, na mtaa wetu una watu elfu sita, wote watakwambia: huyo akisema mvua inakuja, ingiza nguo ndani. Hii ni kweli tupu, kuanzia hodi ya kwanza mpaka ya mwisho.

Palikuwa na bwana mmoja, Fundi Kochi. Jina la kuzaliwa hata mkewe alishalisahau. Kochi akilitengeneza yeye, unasinzia kabla makalio hayajafika. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, na nyuma, mlango mmoja tu katikati, ndiko alikokaa na mkewe na mjukuu wao, katoto ka kike ka miezi kumi, meno mawili ya chini na vicheko vya mtu mwenye thelathini. Mama yake mtoto alikuwa kazini mji mwingine, anakuja mwisho wa mwezi. Babu alimwita mjukuu "mke wangu mdogo", na bibi kila akisikia anamwambia mtoto, "Mchukue, mke mwenzangu, mimi soksi zake zimenishinda."

Zamani Fundi alifanya kazi kiwanda cha samani. Kiwanda kikafungwa, watu wakatawanyika, lakini hawakuachana. Mama Kantini, aliyekuwa akiwapikia mchana, akafungua grupu kwenye simu, watu kumi na mmoja, hawazidi, hawapungui. Na grupu lile lilikuwa na adabu kuliko nyumba nyingi ninazozijua. Saa mbili asubuhi kila anayeingia anaandika "Hodi", na aliye karibu na simu anaitikia "Karibu". Hapo ndipo zinaanza habari: nani jino linamsumbua, mkwe wa nani kaja na mabegi manne akasema anapita tu. Ikifika saa kumi na moja jioni, Mlinzi, mzee aliyekuwa akilinda geti, anatuma sauti ya king'ora cha kutokea kazini, alichokirekodi siku ya mwisho ya kiwanda. King'ora kikilia, wote wanaandika "Kwaherini", na hakuna kutia neno tena mpaka kesho. Hata kama ulikuwa unasimulia ulivyoteleza kwenye ngazi, utabaki hewani, utatua asubuhi.

Mwingine wa kumjua ni Kinyozi. Huyo anaiga kila chenye sauti. Kiwandani siku moja aliiga king'ora kwa mdomo saa nane mchana, wafanyakazi mia tisa wakatoka, na meneja akiwa wa mbele.

Sasa, Jumatatu moja asubuhi Fundi kajikunja ndani ya kochi, gundi mpaka kwenye viwiko. Simu ikalia ting pale mezani. Akachungulia kwa jicho moja, akaona neno "Hodi". Akabonyeza kwa kifundo cha kidole akaongea:

"Karibu, karibu ndani kabisa, jisikie uko kwako."

Hakutazama nani kabisha. Kosa lake ni hilo tu, jingine hana.

Baada ya nusu saa, Mama Kantini akauliza, "Jamani, leo zimebishwa hodi kumi na mbili. Sisi tuko kumi na mmoja. Nani kabisha mara mbili?"

Kila mtu akasema si yeye.

"Ni tumbo la Fundi hilo," Kinyozi akasema. "Limekua mpaka limenunua simu yake."

Grupu zima likacheka. Fundi akafuta mikono, akatazama. Hodi ile ipo. Lakini juu yake hakuna jina, hakuna namba, na mahali pa picha ni peupe kama jicho lililogeuzwa. Chini yake, sauti yake mwenyewe inakaribisha. Na hapo hapo pua yake ikapata harufu, ile ya kochi kuukuu ukilipasua baada ya miaka ishirini, unyevunyevu wa sponji na nywele zilizoungua. Akasema, ni kochi hili. Akakumbuka kwamba kochi hili ni jipya, mbao zake bado zinatoa utomvu.

Saa tano ikaingia sauti. Si ya kiume, si ya kike, imefifia kama mtu anayeongea akiwa ndani ya godoro.

"Asanteni kwa kunikaribisha. Nimefika salama. Nyumba ni nzuri. Ina dirisha moja halifungi."

"Karibu mgeni!" akajibu Kinyozi. "Unakaa wapi?"

"Nakaa ndani."

Watu wakamkaribisha kila mmoja kwa salamu zake, wakidhani Mama Kantini kaleta mtu, na Mama Kantini akidhani kaletwa na mwingine. Fundi peke yake ndiye aliyenyanyua macho akalitazama dirisha la karakana, lile alilomwahidi mkewe tangu mwaka juzi kwamba atalitia komeo.

Jumanne mgeni akaleta habari zake mchana kweupe, jua la utosi. Kalala vizuri. Kashinda jikoni kidogo, bibi wa humo anaimba akiosha vyombo, ila wimbo wenyewe anaujua nusu. Nyuma ya ile sauti kulikuwa na nyundo. Tak, tak, tak. Nyundo ikanyamaza, mtu akakohoa, akasema, "Mungu wangu, mgongo huu."

Simu ya Fundi ikalia. Mama Kantini, ananong'ona kama yuko msibani.

"Shemeji, uko na nani hapo?"

"Niko peke yangu."

"Mbona nakusikia nyuma ya mgeni? Kikohozi ni chako. Nimekisikia miaka kumi na minane kwenye foleni ya maharage, siwezi kukosea."

Fundi akaligeukia kochi. Maneno yale ya mgongo aliyasema dakika nne zilizopita, na aliyasema akiwa amepiga magoti, mdomo wake shubiri moja kutoka kwenye kochi.

"Mtoe kwenye grupu," akanong'ona naye.

"Nimtoe vipi? Hana jina la kubonyeza!"

Basi Fundi akaizima simu, akatoa betri, akaiweka betri kwenye droo na simu kwenye kopo la misumari, akafunika kopo, akakaa juu yake mwili mzima, na uzito wake mimi naujua, hauko chini ya kilo mia mbili, na akiwa amekaa hivyo akaisikia ile sauti ya godoro inaendelea na habari zake pale pale ilipoachia, sasa ikitoka ndani ya kochi, chini ya kitambaa alichokibana kwa mkono wake mwenyewe, na kitambaa kinapanda na kushuka taratibu kama kifua cha mtu aliyelala, ikisema, "Mtoto ana meno mawili. La tatu linatoka kesho. Nimelipapasa."

Akatimka kama mshale kupitia mlango wa kati. Mtoto yuko mkekani, anacheka, anatazama mahali pasipo na mtu, na kidole chake cha shahada kimesimama hewani kimekunjika, kama kimeshika kidole kingine.

"Mke wangu," Fundi akasema polepole, "mbebe mtoto tutoke."

"Kuna nini?"

"Mbebe kwanza. Maswali njiani."

Bibi akambeba. Hatua tatu, sawa. Ya nne akaanza kupinda. Alipofika mlango wa nje, mwanamke aliyezoea kubeba madebe mawili ya maji kwa mara moja, akashuka mpaka chini na mtoto kifuani, jasho linamtiririka. "Amekuwa mzito, baba," akasema. "Mzito kama gunia la simenti." Wakarudi ndani hatua moja, mtoto akawa mwepesi tena. Na mtoto anacheka tu.

Hawakulala, lakini ya usiku huo nayaacha, maana hayakutokea. Mgeni alikaa kimya kabisa, na kimya chenyewe kilinuka nywele zilizoungua.

Jumatano alfajiri jino la tatu lilikuwa limetoka. Fundi akarudisha betri, na sauti ilikuwa inasubiri.

"Ndugu zangu, nimefurahi sana humu. Leo jioni naondoka. Naondoka na mtoto, tumezoeana."

Halafu Mama Kantini akampigia Fundi simu, na safari hii hakuwa peke yake. Alikuwa na Shangazi yake, mama mmoja anayetibu mambo ya namna hii, na alisikika anatafuna kitu kikavu, hana haraka wala nini.

"Wewe ndiye uliyesema jisikie kwako?" Shangazi akauliza.

"Ni mimi, Shangazi. Nilikuwa na gundi mikononi."

"Mdomoni hukuwa nayo. Sasa sikiliza. Usimwambie toka. Mwenye kwake hatoki, atakuuliza umtoe wewe kama nani. Amekaa siku ngapi?"

"Mbili. Leo ya tatu."

"Siku ya tatu wazee walisema mgeni apewe nini?"

"Jembe... Shangazi, mimi shamba sina."

"Mpe kazi uliyonayo, baba! Huyu alibisha hodi, basi adabu anayo, na kazi hataikataa. Akishaishika, si mgeni tena, wala nyumba si yake tena. Ni mfanyakazi. Na mfanyakazi king'ora kikilia anafanya nini?"

Fundi akaelewa.

"Ila ole wako," Shangazi akasema, akaacha kutafuna, "kazi imwishie kabla ya king'ora. Atataka ujira, na ujira wake unaujua."

Fundi akaingia karakana. Akasimama mbele ya kochi, mikono nyuma kama meneja.

"Mgeni. Umekaa siku mbili tukakuheshimu. Ya tatu, humu, mtu anashika kazi. Yale makochi matano ya pembeni yana pini, toa zote, tia kwenye kopo."

Dirisha lisilofunga likajifunga.

"Mimi ni mgeni," sauti ikasema.

"Ulikuwa."

Fundi akausikia moyo wa mkewe upande wa pili wa ukuta. Halafu, tik. Pini moja ikaanguka kwenye kopo. Tik. Tik.

Makochi matano yale fundi wa kawaida ni wiki nzima. Kufika saa sita matatu yamebaki mifupa. Koleo linaelea lenyewe, vitambaa vinajikunja pembeni. Saa tisa, yote matano. Fundi akampa viti sita vya kulia chakula, vikaisha kabla hajafunga mdomo, akampa ndoo ya vifungo avipange kwa rangi, vikapangika kwa rangi na kwa umri, akampa furushi la nyuzi zilizosokotana tangu kiwanda kinafunguliwa, na nyuzi zikaanza kujifungua moja moja huku ile harufu inapanda mpaka machozi yanamtoka, na saa ya ukutani inasema kumi na nusu, kumi na dakika hamsini, na furushi limebaki saizi ya chungwa, saizi ya limau, na saa imegonga kumi na moja na simu mkononi haijalia.

"Mlinzi!" akanong'ona kwenye grupu. "Mzee wangu, king'ora!"

Hakuna. Mzee hayuko hewani, kifurushi kimemwishia, leo kati ya siku zote.

Uzi wa mwisho ukanyooka mezani. Koleo likalala. Mlango wa kati ukasikika unafunguka, na upande wa pili mtoto akacheka kile kicheko cha kumwona mtu unayempenda, na bibi akapiga ukunga.

Hapo simu ikalia, sauti inaingia, ya Kinyozi. Hakusema neno. Alijaza mapafu na akakitoa king'ora, kile kile, kinaanzia chini kinapanda mpaka kinakwaruza meno, kirefu mpaka mtu angedhani atazimia, na mimi nasema vioo vya mitaa mitatu vilitetemeka. Na mmoja mmoja, watu tisa waliokuwa wameshika simu zao tangu asubuhi kwa agizo la Mama Kantini, wakaandika: Kwaherini. Kwaherini. Kwaherini.

Ya kumi ilikuwa haina jina. "Kwaherini."

Harufu ikakatika kama imefungiwa bomba. Fundi akakimbia ndani, akamnyakua mtoto, akampandisha juu, mwepesi kama sponji. Akamtoa mpaka barabarani, wakalia wote watatu, na watu wakapita wakiwashangaa.

"Mke mwenzangu," bibi akasema huku anajifuta, "nilidhani utaniachia hizi soksi peke yangu."

Ingekuwa mtu mwingine anasimulia, angeishia hapo akapigiwa makofi. Mimi siwezi, nimeapa.

Alhamisi, saa mbili kamili asubuhi, mlango wa karakana ukagongwa. Si simu. Mlango.

"Hodi. Nimekuja kazini."

Fundi akamziba mkewe mdomo, mkewe akamziba yeye. Wote wawili wakakumbuka kitu ambacho Shangazi hakukisema: mfanyakazi akitoka jioni, asubuhi hurudi.

"Hodi," mara ya pili. "Hodi," ya tatu. Hakuna aliyeitikia. Na mwenye adabu akibisha mara tatu asijibiwe, huondoka. Akaondoka. Ijumaa akaja tena, hodi tatu, akaondoka. Wakahamia mtaa wa mbali, na Jumatatu saa mbili wakabishiwa huko huko. Mama Kantini akapiga marufuku hodi kwenye grupu, sasa watu wanaingia kimya kimya kama wezi. Wakazoea hivyo. Kila asubuhi dakika moja ya kushika pumzi, kisha chai. Miezi miwili.

Mtoto akatimiza mwaka. Alikuwa hajatamka hata neno moja, na babu alikuwa akimfundisha kila siku aseme "babu".

Asubuhi ile yuko mapajani mwa babu yake. Hodi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Fundi anahesabu nyayo zianze kuondoka, na mtoto akaugeukia mlango, meno yake sita yote nje, akapiga makofi.

"Kaibu," akasema.

Na mlango ule wa makomeo mawili ukafunguka polepole, kama anavyoufungua mtu aliyefika kwake.

Basi. Yamebaki kati yangu na wewe. Usimsimulie mtu, hata mkeo. Na ukishindwa kabisa kujizuia, nakuomba kitu kimoja, angalia kwanza kama kuna mtoto anasikiliza.