Chonge za Nyani wa Adolfu

Kila asubuhi Dominika alipima kwa macho vitu viwili: urefu wa kamba ya nyani, na umbali wa mkeka wa Luciana, bintiye aliyeanza kutambaa. Kamba haikurefuka. Nyani ndiye aliyekua.

Miaka saba nyuma, kabla ya kuhamia kijiji cha ujamaa karibu na Mollo, mumewe Adolfu aliokota watoto wawili wa nyani katika shamba la ulezi. Dume alimfuga mwenyewe. Jike alimpa jirani yao Kristiana, mjane. Kwa miaka minne ungedhani ni pacha. Kisha wa Kristiana akaishia pale pale, na wa Adolfu akazidi: mabega yakapanuka, taya likarefuka, meno ya chonge yakawa kama visu. Juzi alimpasua mbwa.

Adolfu alikuwa na jibu lake. Waliokotwa siku moja, wakala chakula kile kile. Vipi mmoja awe mara mbili ya mwenzake? Hata beberu hampiti mbuzi jike hivyo. Basi Kristiana alimtia huyu dume dawa ya uchawi, na jioni hiyo, kwenye mkutano wa kijiji, angesimama kulisema. Dominika alijua mwisho wa maneno hayo. Mjane wa mwisho kusemwa hivyo aliondoka na kapu moja kichwani.

Mchana Dominika akamleta Flavian, Bwana Nyama wa wilaya, ambaye kazi yake ni wanyama wa pori. Flavian aliuliza umri wa nyani, akaambiwa miaka saba.

"Basi hajamaliza kukua," alisema.

Akawaeleza kwamba wakiwa wadogo, dume na jike hulingana. Jike hufikia kimo chake kwenye miaka mitano hivi, akaanza kuzaa. Dume huendelea kukua miaka mingine kadhaa, akakaribia uzito wa majike wawili. Madume hupigana wao kwa wao, na chonge ndefu ni silaha yao.

"Na dawa?" Adolfu aliuliza.

"Ndugu, madume wote wa porini wako hivi. Mama Kristiana amewatia dawa lini?"

Nyani akapiga mwayo, meno yote nje. Adolfu akasema mnyama ana usingizi.

"Si usingizi. Anakuonyesha silaha. Mwondoe mtoto."

Dominika alimnyakua Luciana. Nyani akaruka. Kamba ilikaza, ikashika. Lakini mkono wake uliufikia mkeka, ukauchana vipande viwili.

Jioni Adolfu alisimama mkutanoni. Waliokwisha kusikia minong'ono wakamgeukia Kristiana. Adolfu akasema kosa ni lake: alifuga mnyama asiyefugwa. Akaomba mbao za kizimba.

Flavian alimchukua dume siku ya tatu. Kristiana akamtoa na jike wake bila kuombwa.

"Chonge fupi nazo huuma," alisema.

Mwezi uliofuata Luciana alijifunza kutembea uani, pale kilipokuwa kigingi cha kamba ya nyani, ameshika kidole cha Kristiana.