Bima ya Fahali

Kila Jumamosi asubuhi, kabla hata ya kunywa chai, Sindano hutoka uani na kufunua turubai. Chini ya turubai kuna gari jeusi. Nyumbani wanaliita Fahali. Jina hilo alilitoa bibi yake, siku ya kwanza aliposikia mlio wa gari hilo.

Sindano ni msichana wa miaka ishirini na mbili. Anashona viti vya magari kwenye karakana moja karibu na kwao. Ni mwembamba, na sindano haimtoki mkononi, basi jina likamkaa. Jumamosi humwosha Fahali na kumwasha kwa dakika kumi. Kisha hukaa kwenye kiti cha dereva na kushika usukani. Haendi popote.

Kiti hicho kimebonyea upande wa mlangoni. Ndivyo alivyokuwa akikaa baba yake, ameegemea mlango. Sindano ameshona viti vya watu hata hesabu imempotea. Hicho kimoja hajakigusa, wala hataki mtu akiguse.

Baba alikuwa fundi wa magari. Maradhi ya moyo yalimchukua miaka miwili iliyopita. Alipolinunua gari lile lilikuwa la kawaida tu. Alilifanyia kazi kila siku ya mapumziko kwa miaka sita. Mwisho akaitoa injini yake ndogo, akaweka nyingine yenye ukubwa mara mbili. Aliwahi kutaka kununua na gari la pili. Mama akamwambia, "Mafahali wawili hawakai zizi moja. Na zizi hili ni langu." Habari ikaishia hapo.

Jumamosi moja simu ililia. Alikuwa bibi, mama yake baba. Bibi anaishi mbali, mwendo wa saa nne kwa gari. Macho yake yamefifia siku nyingi.

"Mjukuu wangu, umemwasha?"

"Nimemwasha, bibi. Sikiliza." Sindano akaisogeza simu karibu na injini.

"Kwenye simu analia kama mbu," bibi akasema. "Mimi namtaka Fahali mwenyewe. Baba yako akifika pale kona ya kisima, mimi tayari naweka maji ya chai jikoni. Sikuhitaji mtu wa kuniambia mwanangu anakuja."

"Nitakuja naye, bibi."

"Basi uje upesi. Sikio la kushoto limeshafunga duka. La kulia nalo linakusanya bidhaa zake."

Sindano alicheka. Alipokata simu, alilia. Alimtamani baba yake kuliko siku zote. Alitamani kuisikia sauti ile ikiingia getini jioni, na mama akisema, "Haya, mwenye kelele zake kafika."

Leseni alikuwa nayo, ya mwaka mmoja. Kilichomzuia ni bima. Gari halitembei barabarani bila bima, hiyo ni sheria. Alikwenda kuuliza kwenye ofisi moja mjini. Karani alimuuliza umri wake, leseni yake ina muda gani, na gari lina injini ya ukubwa gani. Sindano alijibu yote. Karani akabonyeza kompyuta, akaandika bei kwenye kikaratasi. Ilikuwa mishahara yake ya miezi mitano.

"Mbona hivi?" Sindano aliuliza.

"Umri mdogo, leseni changa, injini kubwa," karani akasema. "Kampuni inaogopa."

Jioni ile walikaa sebuleni watatu: Sindano, mama, na mjomba wake. Mjomba ni dereva wa lori kwa miaka ishirini, na hajawahi kugonga hata ndoo. Alikisoma kile kikaratasi, akapiga mluzi.

"Mwanangu, umekwenda kujichongea mwenyewe," alisema. "Nani alikutuma useme habari ya injini? Kadi ya gari inasemaje?"

Mama alifungua kabati, akaileta kadi. Iliandikwa ile injini ndogo ya zamani. Baba hakuwahi kubadilisha karatasi. Fundi hodari, lakini ofisi alizikimbia kama mtoto anayeogopa kuoga.

"Si unaona?" mjomba akasema. "Tunakwenda kampuni nyingine. Tunasema injini ndogo, kama kadi inavyosema. Tena tunasema dereva ni mimi. Wewe hatukutaji kabisa. Bei itashuka mpaka utashangaa."

"Lakini mjomba, wewe Fahali humwendeshi."

"Nitamwendesha kwa jina."

Mama hakupenda. Lakini alimtazama binti yake, akaiacha kadi mezani. Na Sindano? Nisimfiche, alifurahi. Safari yenyewe ni siku moja tu, alijiambia. Kwenda na kurudi. Siku ya tatu fomu ilikuwa mezani, imejazwa kwa mwandiko mzuri kabisa. Uongo nao ukiandikwa vizuri hupendeza, msomaji wangu. Ilibaki saini ya mjomba, aliyekuwa tayari na kalamu mkononi.

Ndipo mlango ukagongwa. Alikuwa jirani yao, Bi Tochi. Alifuata kiti cha pikipiki yake, ambacho Sindano alikuwa amemshonea ngozi mpya. Bi Tochi ni mkaguzi. Gari likipata ajali, kampuni ya bima humtuma akalitazame. Huingia chini ya magari na tochi yake, na hurudi nyumbani magoti yana vumbi.

Aliiona fomu, akaiona na kadi. Macho ya kazi hayapumziki.

"Mnamkatia Fahali bima?" aliuliza kwa furaha. Kisha akasoma. "Injini ndogo? Mimi nakaa ukuta wa pili, kaka. Kila Jumamosi vikombe vyangu vinacheza kabatini."

Mjomba akakohoa.

"Sindano, mwanangu, hebu twende uani," Bi Tochi akasema.

Walitoka wote wanne. Bi Tochi alifungua boneti, akainama na tochi yake. Alifuta grisi kwa kidole. "Soma hapa."

Sindano akaisoma namba ya injini. Mama akasoma ya kwenye kadi. Hazikufanana hata kidogo.

"Ukipata ajali, mimi au mwenzangu tutakuja," Bi Tochi alisema. "Kitu cha kwanza tunachotazama ni hiki. Cha pili tunauliza nani alikuwa kwenye usukani, na gari hili huendeshwa na nani kila siku. Majirani watasema. Wanasema siku zote, hata wasipoulizwa."

"Ni siku moja tu, Bi Tochi," Sindano akasema. "Naenda kwa bibi, narudi."

"Mwaka jana nilikagua gari la kijana mmoja. Naye ilikuwa siku moja. Karatasi zilisema dereva ni shangazi yake. Aligonga mama mmoja aliyekuwa akivuka na mtungi wa gesi. Mguu ulivunjika. Kampuni ilipoujua ukweli, vurugu ikaanza. Yule mama alikaa miezi akizungushwa, na kijana anadaiwa mpaka leo. Mguu wa mtu, mwanangu! Na hakuwa na kosa lolote." Bi Tochi alizima tochi. "Bima ya uongo ni mwavuli wa karatasi. Unaubeba vizuri tu mpaka mvua inyeshe."

"Ajali haina kinga," mjomba alinong'ona.

"Haina kinga, lakini ina bima. Ya kweli."

Sindano aliinamisha kichwa. "Basi tumfunike tena. Ya kweli siiwezi."

"Nani kakwambia? Umeuliza ofisi moja tu. Wewe ukinunua ngozi ya viti, unauliza duka moja?"

"Nauliza hata manne."

"Haya."

Walirudi ndani, mama akachemsha chai. Bi Tochi hakumdanganya. Alisema njia rahisi kuliko zote ni kumuuza Fahali na kununua gari dogo. Kijana mwenye gari dogo hulipa bima ndogo, hakuna siri hapo.

Mama ndiye aliyejibu, huku akikoroga kikombe ambacho hakikuwa na sukari. "Miaka miwili silisikii gari likiingia getini. Nikiliuza, nitakuwa nimekata tamaa kabisa."

"Basi tufuate njia ndefu, dada," Bi Tochi akasema.

Njia ndefu ilianza na karatasi. Walipeleka gari likakaguliwa, na injini mpya ikaandikwa kwenye kadi. Hilo peke yake lilichukua wiki sita. Kila Jumamosi bibi alipiga simu na neno moja: "Bado?" Na kila Jumamosi Sindano alijibu, "Bado, bibi."

Wakati anasubiri, alijiandikisha mafunzo ya udereva wa kujihami. Walifundishwa kwenye uwanja mtupu uliopangwa matairi mabovu. Alijifunza kuacha nafasi mbele, kufunga breki barabara ikiwa na maji, na kumtazama mtembea kwa miguu kabla hajashuka barabarani. Mwalimu alimwambia, "Wewe unaendesha kama unashona." Sindano hakujua kama amesifiwa. Alipewa cheti, akakitia kwenye bahasha.

Kisha Bi Tochi akampeleka, yeye na mjomba, kwa wakala anayeuza bima za kampuni nyingi. Mzee huyo aliuliza maswali mpaka mjomba akachoka. Gari linalala wapi? Litatembea kilomita ngapi kwa mwaka? Nani mwingine ataliendesha?

"Dereva mkuu ni mimi," Sindano akasema. "Injini ni kubwa, imebadilishwa, imeandikwa hapa."

"Na mimi ni dereva wa pili," mjomba akadakia. "Safari hii wa kweli. Nitamwendesha kila Jumatano."

Kampuni ya kwanza ilikataa kabisa. Ya pili ilitaja bei ya kutisha. Ya tatu ilikubali, kwa masharti. Gari lilale ndani ya geti lenye kufuli. Lisizidi kilomita zilizoandikwa. Na lifungwe kifaa kidogo kinachoonyesha mwendo. Dereva akienda mbio au akifunga breki ovyo, kampuni inajua. Akiendesha vizuri mwaka mzima bila kudai fidia, mwaka unaofuata bei inapungua.

"Kuna bima inayomlipa tu mtu uliyemgonga," wakala alieleza. "Hiyo ni nafuu zaidi. Lakini gari lako likiharibika, ni juu yako. Na kuna bima kubwa, inayolipia pande zote mbili."

"Fahali nikimpoteza simpati mwingine," Sindano akasema. "Nataka kubwa."

"Basi kubali kubeba mwenyewe sehemu ya kwanza ya hasara. Ukibeba sehemu kubwa kidogo, ada inashuka. Lakini usikubali kiasi ambacho siku ya shida hutakipata."

Walipiga hesabu, wakapiga tena. Mwisho bei ilikuwa kama mishahara miwili, ya kulipa kidogo kidogo kwa mwaka mzima. Haikuwa ndogo, lakini Sindano aliiweza. Kabla ya kutia saini aliisoma karatasi yote, mpaka yale maandishi madogo ya chini. Bi Tochi alikuwa amemwambia: usichokielewa, uliza hapo hapo.

Jumamosi iliyofuata Sindano hakuzima gari baada ya dakika kumi. Mama alikaa kando yake na kufunga mkanda. Geti likafunguliwa. Mama alitazama dirishani ili machozi yake yasionekane.

Walikwenda taratibu, mji baada ya mji. Lori la mboga liliwapita, dereva wake akawapungia mkono kwa dharau. Sindano alimwacha aende. Kona ya kisima ilipofika, akapunguza mwendo, akapita tuta polepole, akasimama mbele ya nyumba.

Bibi alikuwa kibarazani, kwenye kigoda chake. Hakuinuka.

Nimechelewa, Sindano aliwaza. Wiki zile sita zimelimaliza lile sikio. Alishuka akamshika mkono. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Eh! Mjukuu wangu! Umekuja na basi?"

"Nimekuja na Fahali."

"Muongo. Fahali akipita hapa kuku wanakimbia."

Mama akacheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Sindano akaeleza habari za kile kifaa. Bibi alisikiliza, kichwa amekiinamisha upande wa kulia.

"Akienda mbio kinasema. Haya. Na akinguruma amesimama, kinasema pia?"

Sindano alifikiri kidogo. "Hapana, bibi. Chenyewe kinatazama mwendo."

"Basi nipelekeni."

Walimkalisha kando ya dereva. Mkono wake ulipapasa kiti cha dereva, ukafika pale palipobonyea, ukatulia. Sindano aliingia, akakaa pale pale, akamwasha, akakanyaga mafuta.

Fahali akanguruma. Kuku wakatimka uani. Bibi alifumba macho.

"Tena," alisema.

Sindano akakanyaga tena, na chozi likamdondoka kwenye usukani.

"Basi, inatosha," bibi akasema, na uso wake wote ukawa laini. "Kawekeni maji ya chai. Mwanangu amefika."