Siku Honi Aliponyamaza

"Uko wapi?" Honi alifoka kwenye simu, kidole cha mkono wa pili kikiwa kimeziba sikio.

"Kazini, mpenzi. Friji la bucha limekufa, nyama inataka kuoza. Siwezi kutoka."

"Leo? Tukifungwa leo msimu umekwisha, tunarudi nyumbani kufua jezi!"

"Najua. Shangilia na kwa niaba yangu."

"Mbona nasikia ngoma huko buchani?"

"Redio hiyo. Nakata, mikono yote grisi."

Simu ikakatika. Honi akaitazama kama imemtukana. Ngoma aliyoisikia kwenye simu ilikuwa ileile iliyokuwa ikilia humu ukumbini, pigo kwa pigo. Akajiambia labda redio inatangaza mechi. Moyo unaopenda haukosi sababu.

Kwa kazi alikuwa fundi cherehani, lakini ndani ya ukumbi wa mpira wa kikapu hakuna aliyemjua kwa sindano. Walimwita Honi kwa ajili ya koo lake. Yeye ndiye aliyeshika kipaza sauti cha mashabiki wa Radi. Akianzisha, watu mia nne wanaitikia. Na wimbo uliompa sifa ni ule wa kumzomea Namba Tisa wa Kimbunga, jitu refu lililomgonga nahodha wa Radi msimu uliopita mpaka goti likahama:

"Tisa we Tisa, mama kakulea na nini? Mikono kama mwiko, kikapu hukioni!"

Video yake ilizunguka kwenye simu za watu mji mzima. Mchumba wake, fundi friji aliyepachikwa jina la Baridi kwa upole wake, alikaa kushoto kwake kila mechi kwa misimu miwili. Pete alikwisha kumvisha. Kilichobaki ni Honi kupelekwa kwa mama mkwe, mjane aliyeishi mbali na mwenye magoti mabovu.

Leo kiti cha kushoto kilikuwa kitupu. Kulia alikaa rafiki yake, msusi, mwenye macho ya mwewe.

Robo ya pili ikiwa katikati, msusi akamfinya paja.

"Shoga, yule si bwana wako?"

"Yupi?"

"Kule ng'ambo, nyuma ya benchi la Kimbunga. Shati la kijivu. Kakaa na mwanamke."

Honi akakodoa macho. Alikuwa Baridi, hana grisi hata chembe, anamfungulia chupa ya maji mwanamke aliyeshusha kofia mpaka kwenye pua. Mwanamke alivaa jezi ya Kimbunga juu ya gauni la zambarau lenye mikono iliyozungushiwa utepe mweupe. Utepe ule Honi mwenyewe aliufumua mara tatu mpaka ukakaa sawa.

"Lile gauni nimelishona mimi," akasema.

"Ulimshonea nani?"

"Mama yake Baridi. Baridi mwenyewe aliniletea vipimo kwenye karatasi."

Msusi akapiga makofi ya masikitiko. "Gauni la mkwe kavishwa kimada! Na jezi ya adui juu yake! Shoga, umepigwa za uso."

Honi akaandika ujumbe: "Friji limefikia wapi?"

Ng'ambo kule, Baridi akachomoa simu mfukoni, akainama. Jibu likaingia: "Bado. Nimelala chini yake hapa. Nakupenda."

Alimwona akibonyeza kila herufi. Mkono wa pili umeshika mfuko wa bisi.

"Honi! Wimbo!" Mwenyekiti wa mashabiki alimpigia kelele. Namba Tisa alikuwa na mpira.

Honi akauimba. Aliuimba kwa hasira zake zote, akiwa amemkazia macho mwenye kofia. Akamwona yule mwanamke anainamisha kichwa, na Baridi anamwekea mkono begani. Hapo hata yeye hakujua tena anamzomea nani.

Kipenga cha mapumziko kilipolia, alizunguka ukumbi mbiombio, msusi nyuma yake. Aliwakuta kwenye ujia, wamesimama kwenye foleni ya maji.

"Habari ya bucha?" akauliza.

Baridi akageuka. Bisi zikamwagika. "Ho... Honi! Ngoja nikueleze."

"Usinieleze wewe. Nataka kumwona huyu anayevaa jasho langu."

Mwanamke akavua kofia taratibu. Nywele zilikuwa nyeupe. Uso ulikuwa wa Baridi mtupu, pua ileile, kidevu kilekile, umezidi miaka thelathini tu.

Honi akasahau maneno yote aliyoyapanga. Akakunja goti kwa heshima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama akajibu kwa sauti kavu. "Salamu ni haki yako, siwezi kukunyima. Sura yako naijua. Nimeiona kwenye simu za majirani zangu. Wewe ndiye unayeuliza nilimlea mwanangu na nini."

"Mwanao?" Honi akamtazama Baridi. "Si uliniambia umezaliwa peke yako?"

Baridi akameza mate. "Namba Tisa ni mdogo wangu. Tumbo moja."

Msusi alishika mdomo. Honi alishika ukuta.

Mama naye alikuwa amepigwa na butwaa. "Kwani mnajuana?"

"Mama, huyu ndiye mchumba wangu. Fundi aliyekushonea gauni."

Mama akaitazama mikono ya gauni lake, akamtazama Honi, akalitazama gauni tena. Mwishowe akavaa kofia yake.

"Nipeleke nikakae," akamwambia mwanawe. "Magoti yananiuma."

Wakaondoka. Honi akabaki amesimama katikati ya bisi. Amekuja kugombana na mwizi wa bwana, amemkuta mama mkwe. Achekwe au apewe pole? Afurahi kwamba hakuna kimada, au alie kwamba afadhali angekuwepo?

Robo ya tatu hakuiona. Macho yalikuwa wazi, lakini mpira ulipita mbele yake kama gari la watu wengine. Ujumbe ukaingia: "Nisamehe. Siku ya kwanza tulipoonana nilikuja kumwangalia mdogo wangu nikakosa kiti upande wake. Ukaniambia wewe ungekuwa ndugu yake Tisa ungehama mji. Nikaogopa. Kila nikitaka kusema nachelewa zaidi."

Akairudisha simu mkobani. Angejibu nini?

Sekunde nne kabla ya mwisho, Radi walikuwa na sabini na moja, Kimbunga sabini. Mwamuzi akapuliza. Faulo. Namba Tisa apewe mitupo miwili.

Upande wote wa Radi ukamgeukia Honi. Hii ndiyo saa yake. Msimu uliopita Namba Tisa alikosa mitupo mitano kwa wimbo ule peke yake.

"Anzisha!" Mwenyekiti akapaza sauti.

Honi akainua kipaza sauti. Ng'ambo, mama amesimama kwa magoti yake mabovu, viganja vimeziba masikio kabla hata hajatukanwa.

"Honi, anzisha bwana!"

Mdomo ulifunguka. Hakikutoka kitu. Mashabiki mia nne walisubiri kuitikia, na kwa kuwa hakuna aliyeanzisha, kila mmoja alianza lake. Huyu kazomea, yule kapiga mluzi, wengine wakaulizana kuna nini. Namba Tisa akadundisha mpira mara mbili, akatupa. Ndani. Akatupa tena. Ndani.

Sabini na mbili kwa sabini na moja. Msimu ukaishia hapo.

Mwenyekiti alikuja mwenyewe kukichukua kipaza sauti. Hakumtukana, na hilo lilimuuma zaidi.

"Tungekukosa kwa ugonjwa tungeelewa," alisema. "Lakini ulikuwa umesimama hapa hapa."

Baridi alimkuta nje, kwenye maegesho ya magari, amekaa kwenye ukingo wa saruji. Jua la alasiri bado lilikuwa kali.

"Ahsante," akasema kwa upole.

"Usinishukuru. Sikunyamaza kwa ajili yako." Honi akainua uso. "Niambie. Mechi ngapi nimeuimba wimbo ule ukiwa umekaa kushoto kwangu?"

"Saba."

"Na wewe ulikuwa unafanya nini?"

Baridi akatazama viatu vyake.

"Sema!"

"Nilikuwa napiga makofi."

"Ulikuwa unapiga makofi." Machozi yakamtoka. "Mimi nilimtukana mama wa mtu nisiyemjua, na nitabeba aibu yangu. Wewe ulipiga makofi anatukanwa mama yako mzazi! Sasa kesho mama akinitukana mimi, utampigia na yeye?"

Kabla Baridi hajajibu, mama akatokea akishikwa mkono na Namba Tisa, aliyefungwa barafu begani. Kwa karibu hakuwa jitu. Alikuwa kijana mwenye chunusi.

"Kumbe ndiye shemeji!" akacheka. "Shemeji, wimbo wako sisi wenyewe tunauimba kwenye basi. Una midundo."

"Nyamaza," mama akamwambia.

Honi akasimama, akapiga magoti kwenye lami. "Mama, nimekukosea. Sikukujua, lakini hata ingekuwa mama wa mwingine, halikuwa neno la kusema. Naomba unisamehe."

Mama hakumwinua, hakumfukuza. Baridi akashindwa kuvumilia.

"Mama, kuna jambo hulijui. Nilikuwa nakaa naye. Mechi zote saba. Nilikuwa nasikia, na nilikuwa napiga makofi ili asinishuku."

Mama akamgeukia polepole kama mlango mzito.

"Rudia."

"Nilikuwa napiga makofi, mama."

Uso wa mama ulikunjamana. Honi alidhani atampiga mwanawe. Hakumpiga. Alivuta pumzi, akamshika Honi kiwiko, akamnyanyua.

"Inuka, mwanangu, utachafua goti." Akamgeukia Baridi. "Huyu binti alikuwa hanijui," akasema. "Wewe ulinijua. Kesi yangu iko na wewe." Akamwonyesha Honi gari la Namba Tisa. "Ingia. Unaelekea hujala tangu asubuhi. Na wewe fundi friji, miguu unayo. Tembea."

"Mama, kwa Tisa ni mbali!"

"Ndiyo maana utapata muda wa kufikiri."

Wakiwa njiani mama akauliza bila kugeuka, "Unampenda?"

"Nampenda, mama. Ila sijui kama namwamini."

"Hata mimi leo sijui. Tutamsikiliza akifika."

Baridi alifika jua likizama, kapanda ngazi za ghorofa tatu, shati limelowa, viatu mkononi, malengelenge vidoleni. Honi ndiye aliyefungua mlango, akauacha nusu.

"Kuna ndugu mwingine aliyefichwa?"

"Hapana. Sisi ni wawili."

"Kuna uongo mwingine? Useme sasa, nikiwa bado nimechanganyikiwa. Kesho akili ikirudi sitasamehe."

Baridi akafikiri. Akahema.

"Kuna mmoja."

"Useme."

"Mpira wa kikapu siupendi. Sijawahi kuupenda. Faulo yenyewe siijui. Mwanzo nilikuja kumwangalia mdogo wangu, baadaye nikawa nakuja kukuangalia wewe."

Honi akamtazama, yule mtu aliyekaa misimu miwili akishangilia kitu asichokielewa. Akacheka huku analia. Ndani, mama alikuwa anauliza ni nani huyo mlangoni.

"Ni mwanao, mama," Honi akajibu, akaufungua mlango wote. "Anasema ana mengi ya kusema."