Jani la Isale Lisilofika

Huko Kirua Vunjo, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, aliishi mama mmoja, Elisifa, na binti yake Brenda. Walikuwa na ng'ombe mmoja, migomba, na miche ya kahawa aliyoiotesha Elisifa mwenyewe. Alikuwa mchapakazi, lakini kutwa nzima alikuwa akiomba samahani. Mtu akimkanyaga sokoni, yeye ndiye anasema samahani.

Brenda alimcheka. "Mama, leo umemwomba samahani kuku!"

"Nilimkatia njia," akajibu Elisifa.

Maji ya mfongo, ule mfereji unaoshuka kutoka mlimani, watu waliyapata kwa zamu. Zamu ya Elisifa ilikuwa Alhamisi. Gidioni, jirani wa upande wa juu, akaanza kuyaziba siku hiyo ili yaende kwenye nyanya zake. Miche ikanyauka. Elisifa alipouliza, Gidioni akafoka, "Vijiti vyako hivyo ndivyo vya kunipigia kelele?"

Elisifa akarudi kwake kichwa chini. Kesho yake akachuma jani la isale, lile ambalo Wachaga humpelekea mtu wanapomwomba msamaha. Akashika njia ya kwa Gidioni.

Njiani akakutana na Mama Mektrida, mjane na mzee wa kanisa, amejitwika majani ya ng'ombe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona na isale? Umemkosea nani?"

"Gidioni."

"Umemfanya nini?"

Elisifa alifungua mdomo, akafikiri. "Nilimuuliza maji yangu."

Mektrida akatua mzigo. "Ngoja nielewe. Yeye kaziba maji, halafu wewe ndiye unapeleka isale?"

Elisifa akacheka bila kutaka. Kisha akauliza taratibu, "Sasa kwa nini najiona mkosaji?"

"Hapo umeuliza. Mimi nilipofiwa, nilijiona sifai hata kukaa benchi la mbele kanisani. Mke wa mchungaji akanifundisha kujiuliza kila jioni. Leo Mungu amenipa nini? Mikono yangu imefanya nini chema? Na wapi nimekosa kweli? Utaje kitu chenyewe, usiseme tu nashukuru kwa yote. Na usiuite woga kosa."

Akalichukua lile jani. "Hili nakaa nalo. Ukipata kosa la kweli, njoo ulichukue."

Jioni ile, akikamua, Elisifa alijiuliza. Amepewa nini? Hakuona kitu. Mara akasikia maziwa yakilia ndani ya ndoo. Maziwa! Na majani aliyokula ng'ombe, nani aliyakata? "Ni mimi," akasema kwa sauti. Ng'ombe akageuza shingo kumtazama.

Jioni zikafuatana. Miche aliinyweshea kwa ndoo, na akawa na hamu ya kujua kesho ataona nini. Siku moja aliona jambo lisilopendeza. Asubuhi alikuwa amemgombeza Brenda kwa kikombe kilichovunjika.

Akamwita. "Kikombe nilikiweka ukingoni mimi mwenyewe. Nisamehe, mwanangu."

Brenda akamtazama. "Mama, hii samahani siyo kama zile za siku zote."

"Ina tofauti gani?"

"Hii ina sababu."

Alhamisi ilipofika, Elisifa alisali, akachukua jembe, akapanda hadi kwenye mfongo. Gidioni alikuwa palepale, kwenye matope na magogo ya migomba aliyozibia maji.

"Habari za asubuhi, jirani. Leo ni Alhamisi. Nimekuja kufungua maji."

"Ehe! Leo umekula nini wewe?"

"Mtori. Nimekula nikashiba."

Neno samahani lilimfika ulimini. Akajiuliza, nimekosa wapi? Hakupaona. Akalimeza, akainua jembe. Gidioni alitazama huku na huku. Majirani wa bondeni walikuwa wamesimama wanaangalia. Akainama, akavuta gogo la kwanza. "Haya, haya. Usiniharibie kingo tu."

Maji yakashuka mpaka kwenye miche.

Jioni Elisifa alimpelekea Mektrida maziwa. Mama yule akamuuliza, "Haya, leo umepewa nini? Maji?"

"Maji sikupewa, mama. Ilikuwa zamu yangu." Elisifa akatabasamu. "Nilichopewa ni siku ile ulipokataa nipeleke isale."