Nyama Nyeusi ya Sokoni Bunia

Mwaka ule wa vita, kila nikitoka shule nilikwenda moja kwa moja sokoni Bunia kumsaidia mama kuuza nyama. Zamani mama alitundika nyama siku nzima ilainike kabla ya kuiuza, ndiyo maana wateja walimpenda. Njia ya Bogoro, kijiji cha wafugaji, ilipofungwa, alianza kununua alfajiri kwa watu wenye bunduki, bila kuuliza. Nyama hiyo ilikuwa nyeusi na ngumu. Aliniagiza niwaambie wateja kwamba imetundikwa tangu jana, nami nilisema bila haya.

Nilimwambia hivyo hata Mwalimu Vital, aliyetufundisha biolojia. Aliibonyeza nyama kwa kidole, akanitazama mpaka nikainamisha kichwa. Kesho yake darasani alichora msuli ubaoni: nyuzi nene, na nyuzi nyembamba zinazoteleza katikati yake. Alisema protini moja kubwa mno, titini, huzishika zile nene zisihame mahali pake. Msuli ukivutwa, hiyo hujinyoosha, kisha huurudisha. Ya pili, nebulini, hulala sambamba na uzi mwembamba. Ng'ombe akichinjwa na nyama ikapumzika, vishikizo hivyo hukatika polepole, ndipo nyama inalainika.

Baada ya somo aliniita peke yangu.

"Agathe, ile nyama haikupumzika. Na weusi ule unatokea ng'ombe akikimbizwa mpaka nguvu zote zimuishie. Nani alimukimbiza?"

Nilijua. Mifugo ya Bogoro ilikuwa imeswagwa na watu wenye bunduki wiki ile, na wenyewe wengine wameuawa. Uani kwetu alilala Mama Bénédicte, aliyetoroka huko na kitenge kimoja tu, na mama alikuwa amempa kipande cha nyama ileile kwa huruma.

Nilimweleza mama yote. Kwanza alikasirika, akauliza siye tutakula nini. Kisha akanishika mkono, tukaenda kumwambia Mama Bénédicte. Huyo hakupiga kelele.

"Nilishakula," alisema. "Pengine ng'ombe huyo nilimukamua mimi mwenyewe."

Mama alilia. Tangu siku hiyo hakununua tena kwa wale watu. Tulikula sombe, majani ya muhogo, bila mafuta kwa miezi, na njaa ilituuma kweli. Nilipolalamika, alinijibu:

"Weye ulidanganya kwa mudomo, mimi nilidanganya kwa kutouliza. Yangu ndiyo mubaya zaidi. Ukiona kitu kinauzwa rahisi wakati watu wanakufa, uliza kimetoka wapi, hata kama uko na njaa."