Mkunga Aliyefumba Macho

Taulo lilikuwa kavu. Sindano, kama walivyomwita kwa wembamba wake na kushona kwake, alilishika akadhani labda vidole vyake vimekufa ganzi kwa kushona, akalishika tena, akalipeleka shavuni. Kavu, limekunjwa vilevile alivyolikunja asubuhi, na maji yametulia kwenye beseni, na sabuni haijaguswa, pembe zake bado kali kama ilivyotoka kwenye karatasi. Na mkunga ndiyo kwanza ametoka. Amempapasa tumbo, amesema mtoto amekaa vizuri, ameaga. Sasa ni mkunga gani huyo asiyenawa mikono, si kabla wala si baada?

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, wakati hakuna aliyejua kwamba mkunga huyo yupo?

Mkunga wa familia walikuwa naye, shangazi wa mumewe, wa zahanati ya pale mtaani, mikono yake imepokea nusu ya watoto wanaocheza mpira nje. Walimwita Redio, na hawakumsingizia. Redio akikupima asubuhi, mchana muuza nyanya anajua. Kuna siku alisimulia mezani, mbele ya wanaume, jinsi mke wa fundi viatu alivyompigia magoti eti asivuliwe nguo, akaigiza na sauti, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Sindano naye alicheka, sahani akaisukuma pembeni. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Hata mume wake mwenyewe, Sindano bado alikuwa anamwambia azime taa.

"Lini unakuja nikuone?" Redio alikuwa akimuuliza kila akija kusalimia. "Au unaficha mapacha? Mwembamba hivyo, mtoto si atatoka uzi."

"Nitakuja, Shangazi."

Hakwenda. Siku moja baada ya utani huo aliingia bafuni, akavua nguo, akaiona michirizi ilivyomtambaa tumboni, akaanza kulia, na katika kulia akasema kwa sauti. Bafuni watu hawasemi mambo yao, kila mtu anajua, mama mkwe wake hata akiitwa akiwa mle hujibu kwa kugonga ndoo. Lakini Sindano alikuwa amejaa. Akasema anataka mkunga mwingine, mgeni, asiyemjua, asiyemwangalia. Akasema na mengine.

Kesho yake mchana, mama mkwe yuko dukani, mume yuko karakana anachomelea mageti, mlango wa uani ukagongwa. Alikuwa mwanamke mrefu, gauni la uuguzi jeupe lisilo na mkunjo hata mmoja.

"Nimesikia unatafuta mkunga," akasema.

Sindano hakuuliza amesikia kwa nani. Alipata nafuu kiasi kwamba machozi yalimtoka. Na yule mkunga alikuwa kama alivyotaka, maana hakufunua shuka. Alipitisha mikono chini yake, akafumba macho, akapima. Mikono ilikuwa baridi, na chumba kikanuka sabuni iliyolowana siku nyingi. Akaja tena, na tena, siku zote nyumba ikiwa tupu, na Sindano akawa anajisikia mjanja.

Mpaka siku ya taulo.

Baada ya hapo alianza kusikia. Anashona sare za shule, cherehani inakwenda, akiinua mguu kwenye kanyagio inanyamaza, na ndani ya kile kimya panabaki sauti nyingine, ya mtu anayeimba mdomo umefungwa, chini sana, karibu sana. Akatoka kwenda uani, sauti ikaenda naye. Akaingia ndani, akajifunika shuka kichwani mchana kweupe, joto limemkaba, na pale chini ya shuka ndipo alipoihisi ile mikono, baridi ileile, viganja viwili vimefunguka na vidole vimetanuka, vinampapasa taratibu kama vinavyopapasa siku zote, kichwa kiko wapi, mgongo uko wapi, ila mkunga hakuwepo chumbani na shuka halikutikisika, kwa sababu mikono ilikuwa inampapasa kutokea ndani.

Alikimbia hadi dukani miguu mitupu. Mama mkwe wake alikuwa anampimia mteja mchele, akamtazama mara moja, akafunga duka.

"Nani amekugusa?" akamuuliza njiani, kwa kunong'ona. "Mwanangu, nani?"

Sindano akaeleza. Alipofika kwenye bafu, mama mkwe alisimama, akashika ukuta wa nyumba ya watu.

"Jini," akasema, midomo tu. "Umemwita jini aje kumpokea mjukuu wangu."

Basi Redio akaitwa. Akaingia na mkoba wake, na utani wake. "Leo uzi umepita kwenye sindano," akasema, akanawa mikono mpaka viwikoni, maji yakaruka hadi ukutani, halafu akavuta shuka lote kwa mara moja. Sindano akafunika uso. Redio akaweka ile koni ya kusikilizia mapigo, akainamisha sikio.

Alikaa hivyo muda mrefu. Redio, ambaye hajawahi kumaliza kikombe cha chai bila kusimulia habari za watu, akaihamisha koni upande wa pili, akasikiliza tena.

"Wifi," mama mkwe akanong'ona, "mzima?"

"Mzima. Moyo unakwenda." Akanyanyuka polepole, jasho limemtoka chini ya pua. "Lakini kuna mtu humo anambembeleza."

Wakakaa, wote watatu kitandani, wamebanana kama watoto wanaoogopa radi. Redio akasema aliyemfundisha kazi alimweleza mambo haya zamani, naye akayachukulia ni ya kutishia wanafunzi. Hapahitajiki ubani wala damu ya kuku. Jini wa hivi ameajiriwa, basi anaachishwa kazi kama mtumishi mwingine. Anayemwachisha ni aliyemwita, palepale alipomwita, kwa maneno yaleyale, yote, mbele ya mkunga atakayechukua nafasi yake.

"Na ukibakiza?" Sindano akauliza.

"Kwa hayo uliyobakiza, bado ana kazi. Mtoto atakuwa wa kwake kwa kiasi hicho."

Wakaingia bafuni watatu. Nguo ilibidi avue, kama siku ile. Alisimama kwenye sakafu yenye maji, mikono haijui ifunike wapi, mama mkwe ametazama chini kwa heshima, Redio amemtazama usoni.

"Nilisema nataka mkunga mwingine," akaanza. "Nilisema mgeni. Nilisema asiyenijua, asiyeniangalia. Nimemwachisha. Nina mkunga." Bomba likaanza kudondosha maji. "Nilisema... nilisema Redio ana mdomo mchafu, na mikono yake inanuka uchi wa mtaa mzima."

Redio alipepesa macho. Mdomo ulimcheza kidogo, kama wa mtoto aliyepigwa mbele ya wenzake. "Endelea, mwanangu," akasema. "Mimi nipo."

Kulikuwa kumebaki moja. Sindano alilijua neno kwa neno. *Kuliko yule mwanamke anishike, bora kinizalishe hata kisicho mtu.* Alimtazama yule mama mnene aliyesimama kwenye maji na viatu vyake vya kazi, amekuja mbio ameacha foleni ya wagonjwa, macho yamemjaa na bado anamwambia endelea. Likamfika kwenye meno.

"Ni hayo," akasema.

Bomba likaacha kudondosha. Harufu ya sabuni ikaondoka. Mama mkwe akamkumbatia huku analia, na sauti haikusikika tena kwenye cherehani, wala kitandani, na Sindano akajiambia kwamba maneno mengine hata majini huyasahau.

Uchungu ulimjia asubuhi ya jua kali. Redio akampokea mtoto, msichana, akalia vizuri, kilio cha afya. Halafu Redio akamwinamia.

Mtoto hakuwa na damu. Hakuwa na ute. Alikuwa amefutwa mpaka kwenye mikunjo ya shingo, na kitovu chake kilikuwa kimeshafungwa, mafundo mawili ya mtu anayeijua kazi, kwa unywele mmoja mrefu kuliko wa yeyote katika nyumba ile.

Redio alisukuma mlango kwa mguu, mama mkwe akabaki nje na maji yake ya moto.

"Mwanangu," akasema, sauti ya chini ambayo Sindano hakuwahi kuisikia kwake. "Nakuuliza mimi na wewe tu, sitamwambia mtu. Lipo ulilolibakiza? Kama lipo twende sasa hivi, nitakubeba. Hata liwe la kunitukana vipi."

Sindano alifungua mdomo. Aliangalia ile mikono, iliyonawa, iliyolowa hadi viwikoni, inamshikilia mwanawe kama yai.

"Niliyasema yote, Shangazi."

Na mtoto, aliyekuwa bado analia, akanyamaza palepale, kama mtu aliyebembelezwa.